Tarehe Kwanza, Rangi Baadaye
Mambo ya kufanya na kutofanya unapochunguza ndege za manowari kwa ajili ya modeli

Kijana wa Singe, Babati, akitaka kuunda modeli ya ndege ya kivita ya jeshi la majini, jambo la kwanza anauliza rangi. Kosa linaanzia hapo. Rangi ni jibu la mwisho. Maswali yanayoitangulia ni manne: siku gani, manowari gani, kikosi gani, ndege ipi. Asiyeweza kuyajibu hana haki ya kufungua kopo la rangi.

Asije mtu akasema kwamba Babati iko mbali na bahari, kwa hiyo habari hizi hazituhusu. Mwezi Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon na kuizamisha manowari ya kubeba ndege Hermes. Baada ya hapo meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Tanga kulifunguliwa kituo cha ndege za majini kilichoandikishwa kwa jina la HMS Kilele, na Nairobi kukawa na HMS Korongo. Vyote viwili vilifungwa mwaka 1944. Katika miaka hiyo ndege za kivita za manowari zilipaa juu ya pwani ya Tanganyika, na vitabu vingi vya vita vinazipitisha kwa sentensi moja. Kazi ya mwenye modeli ni kuijaza sentensi hiyo kwa ushahidi. Masharti ni haya.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chagua tarehe kabla ya ndege.

"Ndege ya mwisho wa vita" si tarehe. Bahari ya Hindi ilikuwa na vipindi vyake, na kila kipindi kilikuwa na ndege zake. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walipotua Diego Suarez, Madagaska, Illustrious ilikuwa na Martlet za vikosi 881 na 882, na Indomitable ilikuwa na Fulmar za 800 na 806 pamoja na Sea Hurricane za 880. Kuanzia mwishoni mwa 1943 ulinzi wa misafara uliangukia manowari ndogo za kusindikiza: Battler ikiwa na kikosi 834, kisha mwaka 1944 Begum na 832, na Shah na 851. Corsair zilianza kupigana upande huu tarehe 19 Aprili 1944, pale vikosi 1830 na 1833 vya Illustrious vilipokwenda Sabang, Sumatra. Januari 1945 zilikuwa juu ya mitambo ya kusafishia mafuta ya Palembang. Chagua kimoja kati ya vipindi hivyo, ukiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, wala usikichanganye na kingine.

2. Zijue namba za vikosi.

Namba ya kikosi inasema mengi kabla hujafungua kitabu. Vikosi vya 700 na kitu vilikuwa vya mafunzo, akiba na huduma. Vya 800 na kitu ndivyo vilivyopanda manowari kupigana. Vya 1830 na kuendelea vilianzishwa kwa ndege za Marekani: 1830 na 1833 vyote viliundwa mwaka 1943 huko Quonset Point, Marekani, ndiko marubani walikojifunzia Corsair kabla ya kuvuka bahari. Kwa anayetaka kikosi cha nyumbani, kipo: 795 kiliundwa Tanga mwaka 1942 kikiwa akiba ya ndege za kivita za meli za mashariki, kikiwa na Martlet na Fulmar. Hakikuimbwa sana, na kwa sababu hiyo kinastahili kuchunguzwa kwa bidii zaidi ya Corsair ambayo kila mtu anayo.

3. Weka daftari lenye safu nne.

Safu ya kwanza ni jambo lenyewe, kwa mfano "katikati ya alama ya duara hakuna nyekundu". Ya pili ni chanzo: kitabu gani, ukurasa gani, au picha namba ngapi. Ya tatu ni tarehe ya chanzo hicho, kwa sababu picha ya mwaka 1944 na kumbukumbu iliyoandikwa mwaka 1985 hazina uzito mmoja. Ya nne ni hukumu yako, na hukumu ni tatu tu: hakika, inaelekea, haijulikani. Jambo lisilo na chanzo haliingii daftarini hata kama limesemwa na mtu unayemheshimu.

4. Tumia jina la wakati ule.

Ndege ya Grumman ambayo Wamarekani waliita Wildcat, Waingereza waliiita Martlet mpaka Januari 1944, walipoamua kufuata jina la Wamarekani. Modeli ya Diego Suarez iliyoandikwa "Wildcat" imekosewa. Ya Shah ya Agosti 1944 iliyoandikwa "Martlet" nayo imekosewa. Jina likikosewa, umbo nalo hukosewa, kwa sababu matoleo yanatofautiana: Martlet IV ina bunduki sita za rashasha mbawani, Wildcat V ina nne. Zihesabu tundu za bunduki kwenye picha kabla ya kutoboa bawa.

5. Pima, gawanya, pima tena.

Kwa skeli ya 1:72, chukua urefu halisi kwa milimita ugawanye kwa 72. Bawa la Wildcat kutoka ncha hadi ncha ni mita 11.58, yaani milimita 161 mezani. Seafire ni mita 11.23, yaani 156. Corsair ya Marekani ni mita 12.5, yaani karibu 174. Lakini ya Uingereza, kuanzia Corsair II, ilikatwa ncha za mbawa, takriban sentimita 20 kila upande, ili ikikunjwa isigonge dari ya banda la ndege ndani ya manowari. Sentimita 20 kwenye skeli hiyo ni milimita karibu 3. Milimita hizo 3 ndizo zinazotenganisha Corsair ya Illustrious na Corsair ya Mmarekani, na mwenye jicho ataziona akiwa mlangoni.

Vilevile uliza kama bawa linakunjika. Lifti za Illustrious zilikuwa na upana wa mita 6.7. Ndege yenye mbawa za mita 11 na zaidi zisizokunjika haiwezi kushuka bandani. Inabaki juu ya sitaha ikipigwa na jua na chumvi. Seafire IIC haikunji mbawa, kukunja kulianza na toleo la III. Ukiiweka Seafire IIC imekunja mbawa, umeunda ndege ambayo haikuwahi kuwapo.

6. Ihoji picha.

Picha nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na filamu hazikuona rangi kwa namna moja. Filamu ya zamani aina ya othokromatiki haikuhisi wekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe-nyeupe. Filamu ya pankromatiki iliona vingine. Kwa hiyo duara lenye kitovu cheusi kwenye picha linaweza kuwa na kitovu chekundu au cha buluu. Kabla ya kuamua, tafuta kwenye picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake unaijua, kama bendera au jaketi la kuokolea, ulinganishe. Kisha uliza: nani alipiga, siku gani, na je, mkaguzi wa kijeshi alifuta kitu? Namba za ndege na vifaa vya rada vilifutwa mara nyingi kabla ya picha kutolewa.

7. Andika barua yenye swali moja.

Kumbukumbu za vikosi vya ndege za majini ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu la ADM 207. Picha rasmi za jeshi la majini ziko Imperial War Museum, London, na namba zake zinaanza na herufi A. Makumbusho ya ndege za majini yako Yeovilton, Somerset. Huku kwetu, zipo Nyaraka za Taifa za Tanzania na za Kenya, pamoja na magazeti ya wakati huo: Tanganyika Standard, iliyoanza mwaka 1930, na Mambo Leo ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1923. Unapoandika, usiombe "habari zote kuhusu ndege za vita". Uliza hivi: "Kikosi 834 kilikuwa na ndege gani za kivita mwezi Machi 1944?" Swali la namna hiyo mtunza nyaraka anaweza kulijibu. Lile la kwanza atalitupa, na atakuwa na haki.

Ukisoma gazeti la wakati wa vita, kumbuka lilipita mikononi mwa wakaguzi. Linakuambia serikali ilitaka watu wajue nini. Mahali meli zilipokuwa halikuambii.

8. Msikilize mzee kabla ya kumwonyesha picha.

Waliovaa sare za KAR (King's African Rifles) wakaenda Burma karibu wote wametangulia, lakini wamebaki watoto wao wanaokumbuka hadithi za nyumbani. Anza na shikamoo, kaa chini, eleza unatafuta nini, kisha nyamaza. Usitaje jina la ndege kabla yake. Usiweke picha ya Corsair mezani halafu ukauliza, "Ndiyo hii, babu?" Mzee mwenye adabu atakubali ili asikuvunje moyo, na wewe utaandika uongo ulioupanda mwenyewe. Muulize ilikuwa na sauti gani, ilitua wapi, nani aliilinda, chakula kilitoka wapi. Hayo ndiyo ambayo Kew hawana.

9. Tumia ulichonacho, lakini kwa kipimo.

Boksi la plastiki kutoka ng'ambo ni ghali, na si sharti. Lile shina refu la ua ambalo mkonge hulitoa mara moja kabla haujafa, likikauka vizuri, ni jepesi, hukatika kwa kisu na hukubali msasa. Mikonge ipo mipakani mwa mashamba. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Kata shina, liache likauke kivulini, ondoa ganda gumu, chonga kiwiliwili kutoka kwenye moyo wake. Kwa mbawa tumia ubao mwembamba au karatasi ya manila iliyogandishwa tabaka kwa tabaka. Funga vinyweleo vyote kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kabla ya rangi, la sivyo rangi itanywewa na uso utakuwa na mabaka. Umaskini wa vifaa unasameheka. Kipimo kibovu hakisameheki.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usiiamini picha ya boksi.

Mchoraji wa boksi amelipwa auze boksi. Akiona moshi unapendeza, ataweka moshi. Stika zilizomo ndani nazo huenda ni za ndege tatu za miaka mitatu tofauti. Kila stika iulize: namba hii ilikuwa ya ndege gani, na ndege hiyo ilikuwa kikosini mwezi ule? Isipojibu, iweke kando.

2. Usiilete Corsair Kilindini bila ushahidi.

Hili ndilo kosa la wanaopenda pwani yetu kupita kiasi. Illustrious ya 1942 ilikuwa huku, lakini ilikuwa na Martlet. Iliporudi Bahari ya Hindi mapema mwaka 1944 ikiwa na Corsair, meli za mashariki zilikuwa zimesharudi Ceylon, na kambi yake ikawa Trincomalee. Jina la manowari ni lilelile, bahari ni ileile, lakini miaka miwili imepita na ndege zimebadilika. Ukitaka Corsair, nenda Sabang au Palembang. Ukitaka Mombasa au Tanga, kaa na Martlet, Fulmar, Seafire au Wildcat, kwa kufuata mwaka wako.

3. Usiweke duara jekundu kwa mazoea.

Alama ya duara ya Uingereza inayojulikana ina kitovu chekundu. Upande wa Asia kitovu hicho kilikuwa hatari, kwa sababu Wajapani walibeba duara jekundu mbawani, na mpiga mizinga mwenye hofu hapigi hesabu ya buluu iliyozunguka nje. Nyekundu ikaondolewa. Baadhi ya ndege zikawa na alama ndogo za buluu na buluu hafifu, na kufikia mapambano ya mwaka 1945 Bahari ya Pasifiki alama ilikuwa ya buluu na nyeupe yenye pau pembeni kwa mtindo wa Kimarekani. Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja kwenye kila manowari. Kwa hiyo alama ya modeli yako lazima itoke kwenye picha ya kikosi chako na mwezi wako. Kanuni ya jumla haitoshi hapa.

4. Usichore alama za ndege zilizotunguliwa pasipo na adui wa angani.

Kijana akimaliza ndege anataka kuipamba kwa bendera ndogo za ushindi. Fikiri kwanza. Wildcat za Begum na Shah hazikuja Bahari ya Hindi kupambana na ndege. Adui wao alikuwa nyambizi. Agosti 1944 nyambizi ya Ujerumani U-198 ilizamisha meli za mizigo upande wetu wa bahari, mojawapo ikiwa Empire Day, mashariki ya Dar es Salaam. Ndege za Shah zikaiona, manowari zikaisaka, na tarehe 12 Agosti Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India zikaizamisha karibu na Shelisheli. Rubani wa Wildcat katika vita hivyo aliangalia maji saa nyingi na huenda asifyatue risasi hata moja. Modeli yake isiwe na bendera. Uchovu wa doria ndefu uonyeshe kwa moshi wa ekzosi na rangi iliyofifia.

5. Usipake vumbi la Singe.

Kupaka udongo mwekundu kwenye magurudumu ni rahisi, na ndiyo maana kila mtu anafanya. Ndege iliyoishi juu ya sitaha ina chumvi, mafuta na kutu ya minyororo ya kufungia. Haina udongo. Udongo mwekundu una haki kwenye ndege iliyotua nchi kavu penye udongo huo, mathalani Mackinnon Road, Kenya, na hapo pia uonyeshe kwamba ilikuwa huko tarehe hiyo. Udongo hauwekwi kuficha gundi iliyomwagika.

6. Usiiamini rangi kwa sababu tu iko makumbusho.

Yeovilton kuna Corsair KD431, iliyotengenezwa na Goodyear mwaka 1944. Ilipoingia makumbusho mwaka 1963 ilipakwa rangi upya ipendeze, na kwa miaka mingi watu waliinakili rangi hiyo wakidhani ni ya vita. Baadaye mafundi wa makumbusho waliibandua rangi ya 1963 kidogokidogo, wakakuta chini yake rangi ya kiwandani ya 1944 ikingali ipo, pamoja na alama zake. Funzo ni kali: wenye ndege halisi mkononi walilazimika kufukua kwanza. Wewe mwenye picha ya simu usijifanye unajua kuliko wao. Ukinakili ndege ya makumbusho, andika daftarini ilipakwa lini na nani.

Mpango wa kawaida wa rangi kwa ndege nyingi za majini za kipindi hiki ulikuwa kijivu kizito cha bahari na kijivu chenye ukijani juu, kwa mabaka, na chini kijani hafifu mno ambacho Waingereza walikiita Sky. Ndege zilizotengenezwa Marekani zilipakwa rangi za Kimarekani zilizokaribiana na hizo, lakini hazikuwa zilezile. Anza hapo, kisha tafuta ushahidi wa ndege yako.

7. Usijaze pengo kwa ubunifu halafu ukanyamaza.

Pengo litakuwapo. Hutapata namba ya kila Martlet ya kikosi 795. Chaguo halali ni mawili: acha mahali pa namba patupu, au chagua namba inayoelekea na uandike wazi kwamba ni makisio. La tatu, yaani kubuni namba na kuitangaza kuwa kweli, ni wizi kwa atakayekuja baada yako. Atainakili modeli yako, mwingine atamnakili yeye, na baada ya miaka kumi uongo wako utakuwa chanzo.

8. Usitukuze ndege ukawasahau waliokufa kwa kukosekana kwake.

Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Miongoni mwa meli hizo ilikuwamo Khedive Ismail, iliyobeba Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na abiria wengine. Msafara ulisindikizwa na manowari za kawaida, bila ya kubeba ndege. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo. Ilizama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamo kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Anayeunda Wildcat ya Shah au Seafire ya Battler anaunda kitu kilichotakiwa kuwa juu ya misafara ya namna hiyo. Asipojua habari za Khedive Ismail, hajui ndege yake ilikuwa na kazi gani. Na asiyejua kazi ya ndege hawezi kuamua ibebe nini, ipakwe vipi, wala isimame wapi juu ya sitaha. Soma habari hiyo kabla ya kununua gundi.

9. Usiionyeshe modeli bila karatasi yake.

Modeli ikipelekwa shuleni au kwenye maonyesho, chini yake pawe na karatasi moja yenye mistari sita: aina ya ndege na toleo lake, kikosi, manowari au kituo, tarehe, vyanzo viwili vikuu, na mambo yaliyobaki kuwa makisio. Mstari wa sita usiwe mtupu, kwa sababu hakuna modeli isiyo na makisio, na anayedai ya kwake haina hajachunguza. Mwalimu, mzazi au mwamuzi akiikuta modeli haina karatasi hiyo, airudishe kwa mwenyewe bila kuangalia rangi.